Taa za kwodi baiki zisitupofushe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wa kwodi baiki, hizi pikipiki za magurudumu manne, hapa Nakuru. Mimi hupanda Menengai na yangu wikendi, sasa juzi giza likanikuta huko juu, taa za ziada nilizouziwa mjini zikaanza kufifia mpaka betri ikalala kabisa, nikasukuma hiyo chuma kwa vumbi kama punda. Kosa ni langu, niliangalia bei na mwangaza tu. Kumbe kwodi haina umeme mwingi kama gari, taa mbili za halojeni za wati 55 kwa volti 12 zinakula karibu ampea 9, na mbili za LED za wati 18 ni ampea 3 tu!

Fundi amenifungia LED na rilei (swichi inayobeba umeme wa taa) na fyuzi yake, moja ya kupiga mbali na ingine ya kutandaza mwanga, maana kwa kona ndio unataka kuona pembeni. Angalia pia kama imeandikwa IP67, yaani vumbi na maji havipenyi ndani, vumbi letu mnalijua.

Na ukifika lami hizo za ziada zizime bana, watu wa boda wanakuja mbele hawaoni kitu.

Mpanda kwodi,
Nakuru