Kabla hujaagiza ofisi ya kontena, tuonyeshe geti la saiti kwanza

Wateja wengi wakipiga simu swali la kwanza ni bei kwa mwezi, la pili AC ipo au haipo, sawa hayo tutaongea, ila sisi tukiuliza geti lina upana gani na juu kuna waya za umeme, mtu anaona tunamzungusha. Hatukuzungushi bosi. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6 na kidogo, upana mita 2.44, na likiwa tupu tu linazidi tani 2, hapo hujaweka siling, meza wala kabati la ramani. Linakuja na lori la winchi na ule mkono ukinyanyuka unataka juu peupe, waya za TANESCO zikiwa zimepita hapo hatushushi hata ulipe mara mbili.

Tena kushusha ndo rahisi, siku ya kwanza saiti si bado uwanja. Kazi iko kwenye kutoa! Miezi nane baadae ghorofa limepanda, pale lori lilipopita kuna lundo la kokoto, nondo, shimo la choo, na ofisi imebanwa kati ya ukuta na jengo, hapo unaanza kutafuta kreni kubwa ya kuirusha juu na gharama yake inameza nafuu yote uliyopata kwa kutojenga banda la mabati. Mwambie foremani aiweke karibu na geti, mbali na mahali mtakapochimba mtaro.

Chini napo. Uzito wa kontena unakaa kwenye kona 4, kwahiyo usipange tofali katikati ukadhani umesaidia, weka zege au mataruma ya reli kwenye kona halafu piga pima maji. Masika kona moja ikizama mlango unaanza kugoma, watu wanalaumu bawaba kumbe ni udongo.

Joto? Kwa Dar mwezi wa kwanza usikubali bati tupu, hata ukikodi kwa wenzetu wa biashara hii, sisi ukutani tunaweka povu la milimita 50 ndani yake plaiwudi. Na ethi lazima, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme ukivuja, ile yote ni chuma.

Tutumie lokesheni WhatsApp na video fupi kuanzia barabarani mpaka unapotaka ikae, na upige na juu jamani, wengi wanatutumia picha ya ardhi tu.