Ulinzi wa Geodude ni wa aina mbili

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie neno moja linalowaponza wachezaji wa Pokémon, michezo ya video ya kupambanisha viumbe, wanaoelezana mchezo kwa Kiswahili. Neno lenyewe ni "ulinzi".

Kiswahili hakimo kati ya lugha za michezo ya Pokémon. Wa Mombasa au Mwanza hucheza kwa Kiingereza, wa Bukavu au Bujumbura aghalabu kwa Kifaransa, na kila mmoja anapomweleza mwenzake hutafsiri papo hapo. Katika tafsiri hiyo ya mdomo, takwimu mbili tofauti, Defense (dhidi ya mapigo ya mwili) na Special Defense (dhidi ya mapigo maalumu), huishia kuwa neno moja. Kwa Pokémon ambao takwimu hizo zinakaribiana hakuna hasara kubwa. Kwa Geodude, Pokémon wa jiwe, na jamaa zake, pambano linapotea hapo hapo. Mtu ameambiwa "huyu ana ulinzi mkubwa", anamtanguliza mbele ya Pokémon wa maji, jiwe linaanguka kwa pigo moja, kisha lawama zote zinamwendea Geodude. Tunapendekeza gazeti lako, likiandika habari za michezo hii, liseme "ulinzi wa mwili" kwa takwimu ya kwanza na "ulinzi maalumu" kwa ya pili. Sababu zetu ni hizi.

Geodude ni jiwe lenye uso na mikono miwili, bila miguu. Ni namba 74 katika orodha ya Pokédex, na ametoka Japani Februari 1996 pamoja na michezo ya kwanza kabisa, Red na Green za Game Boy. Kwa Kijapani anaitwa Ishitsubute: ishi ni jiwe, tsubute ni kijiwe cha kurushwa kwa mkono. Jina lake la Kiingereza limetokana na geode, yaani jiwe ambalo ukilipasua unakuta uwazi na fuwele zilizoota kutani. Kwa maoni yetu jina hili la pili ndilo linalomweleza vizuri zaidi, maana ugumu wake wote uko kwenye ganda.

Tazama takwimu za msingi. Geodude ana ulinzi wa mwili 100, lakini ulinzi maalumu 30 tu. Akifika kiwango cha 25 anageuka Graveler: 115 kwa 45. Golem, wa mwisho katika ukoo huu, ana 130 kwa 65. Aina zao ni mawe na ardhi, na aina hizo mbili zote huumizwa maradufu na maji na majani. Zikikutana katika mwili mmoja, maumivu yanakuwa mara nne. Barafu, ngumi, ardhi na chuma humuumiza mara mbili.

Hadi mwaka 2006, kabla ya Diamond na Pearl, aina ya pigo ndiyo iliyoamua pigo litapimwa kwa ulinzi upi. Mapigo yote ya maji na majani yalikuwa maalumu. Yaani yale mawili yanayomuumiza mara nne yalipita upande ule ule dhaifu. Katika michezo ya 1996 ulinzi maalumu haukuwa hata na takwimu yake. Ulichanganywa na shambulio maalumu katika namba moja iliyoitwa Special, na zikaja kutenganishwa mwaka 1999 katika Gold na Silver. Tangu 2006 kila pigo lina hukumu yake. Surf ni maji, na ni pigo maalumu. Waterfall pia ni maji, lakini ni pigo la mwili. Hapo ndipo tafsiri ya neno moja inapoharibu hesabu.

Chukua Golem wa kiwango cha 50, mwenye vipaji kamili vya kuzaliwa (31, kikomo chake) na bila alama zozote za mazoezi. Uhai wake ni 155, ulinzi wa mwili 150, ulinzi maalumu 85. Mbele yake yuko Starmie, Pokémon wa maji wa kiwango hicho hicho, naye bila mazoezi, mwenye shambulio maalumu 120. Surf yenye nguvu 90 inampunguzia Golem uhai kati ya 288 na 340. Uhai wake haufiki hata kwenye ncha ya chini. Sasa mweke mpinzani mwingine wa aina ya maji, mwenye shambulio la mwili 120 hilo hilo, apige Waterfall yenye nguvu 80. Anampunguzia kati ya 148 na 180. Mchezo huchagua mmoja kati ya viwango 16 vya maumivu, na katika viwango hivyo, viwili vya chini kabisa vinamwacha Golem amesimama. Ukimpa Golem alama 252 za mazoezi kwenye uhai, uhai unapanda hadi 187, na Waterfall ile haimwangushi hata siku moja akiwa mzima. Surf bado inamwangusha kila mara. Maji ni yale yale na maumivu ni mara nne kote kuwili, ila ukuta uliogongwa ni tofauti.

Wengi hujibu kwamba dawa ni dhoruba ya mchanga, kwa kuwa tangu 2006 dhoruba hiyo humwongezea kila Pokémon wa mawe nusu ya ulinzi wake maalumu. Ni kweli, lakini haitoshi. Ndani ya dhoruba Surf ya Starmie yule inatoa kati ya 196 na 232, na hata uhai wa 187 unapitwa. Ili asimame anahitaji dhoruba pamoja na Assault Vest, fulana inayoongeza nusu nyingine. Hapo maumivu hayazidi 160. Fulana nayo ina gharama: anayeivaa haruhusiwi kutumia pigo lolote lisiloumiza, kwa hiyo hawezi kuleta dhoruba mwenyewe. Lazima mwenzake ailete, kama Tyranitar au Hippowdon wenye kipawa cha Sand Stream kinacholeta dhoruba wanapoingia, na wao huileta kwa zamu 5 tu isipokuwa wameshika Smooth Rock, ambayo huzifanya 8.

Kuna mtego mwingine ambao haumo kabisa katika takwimu, nao ni uzito. Pigo la majani liitwalo Grass Knot hupata nguvu kutokana na kilo za anayepigwa. Geodude ana kilo 20, kwa hiyo linampiga kwa nguvu 40. Graveler ana kilo 105, linakuwa 100. Golem ana kilo 300, linafika kikomo cha 120. Anapokua, takwimu zake zinapanda, lakini na pigo hili linapanda naye, tena ni pigo maalumu, tena la majani. Low Kick hufuata ngazi zile zile za uzito, ila hilo ni la mwili na humuumiza mara mbili tu.

Kinachomfanya Golem atumike hata hivyo ni kipawa cha Sturdy. Zamani kilikuwa kinga dhidi ya mapigo ya kuua papo kwa papo tu, kama Fissure. Tangu Black na White za 2010, Pokémon mwenye Sturdy akiwa na uhai kamili hawezi kuangushwa kwa pigo moja. Atabakiwa na uhai wa 1. Surf ile ya 340 inamwacha na 1, na zamu inayofuata anapiga. Sharti ni uhai kamili, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanamwingiza Golem katikati ya pambano wakati upande wao umeshamwagiwa Stealth Rock, yale mawe yenye ncha yanayomchoma kila anayeingia. Yeye mawe hayo humpunguzia moja ya kumi na sita tu ya uhai, kwa 155 ni 9, lakini 9 hizo zimeshaua Sturdy. Sumu na moto wa kuungua hufanya vivyo hivyo. Pigo linalogonga mara kadhaa kwa zamu moja, kama Bullet Seed, humwacha na 1 kwa kugonga mara ya kwanza kisha humzima kwa mara inayofuata. Mwenye kipawa cha Mold Breaker hupita kana kwamba Sturdy haipo. Na kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba Golem wako ana Sturdy kweli, maana Geodude wengine wana Rock Head badala yake. Katika michezo ya 2013 na baadaye unaweza kubadilisha kimoja kwa kingine kwa Ability Capsule.

Kwa hiyo nafasi yake ni ya kwanza kuingia pambanoni. Zamu ya kwanza anatandaza Stealth Rock upande wa adui. Kila adui atakayeingia baadaye atapoteza moja ya nane ya uhai, na wanaoumizwa na mawe watapoteza zaidi. Charizard, ambaye ni moto na kuruka, hupoteza nusu nzima kwa kuingia tu. Zamu ya pili ni Explosion, ambayo humlipua Golem mwenyewe ikiwa na nguvu 250. Kasi yake ya msingi ni 45, kwa hiyo mwenye kasi zaidi atamwahi akiwa na uhai wa 1. Tunda la Custap hutibu hilo: uhai ukishuka hadi robo au chini yake, anatangulia kwa pigo moja. Explosion yenyewe si ile ya zamani. Hadi kizazi cha nne cha michezo ilikuwa inagawa ulinzi wa adui kwa mbili, jambo lililofutwa mwaka 2010. Wala haimgusi Pokémon wa mzuka, kwa kuwa ni pigo la kawaida.

Kwenye visiwa vya Alola, vilivyobuniwa kwa mfano wa Hawaii katika Sun na Moon za 2016, Geodude ni wa mawe na umeme. Huyo akiwa na kipawa cha Galvanize, Explosion yake inageuka umeme: 250 mara 1.2 ya kipawa hicho, mara 1.5 ya kupiga kwa aina yake mwenyewe, jumla 450, na mizuka haina kinga nayo. Wa ardhi ndio wenye kinga, na ardhi hiyo hiyo humuumiza yeye mara nne.

Kwa anayecheza Red au Blue za mwanzo, ramani yenyewe inaonyesha wapi pa kumtanguliza na wapi pa kumweka nyuma. Unamkamata Geodude pangoni Mt. Moon, baada ya kumshinda Brock, kiongozi wa kwanza unayepambana naye. Kiongozi wa pili ni Misty, mwenye Staryu na Starmie wa maji: mweke nyuma. Wa tatu ni Lt. Surge wa umeme, ambao haumgusi Geodude hata kidogo: mtangulize. Wa nne ni Erika wa majani: nyuma tena. Wa tano ni Koga, na sumu zake zinamuumiza kwa robo tu. Katika michezo hiyo usikimbilie kumgeuza Graveler. Geodude hujifunza Earthquake kiwango cha 31, Graveler hungoja hadi 36, na diski ya TM26 inayofundisha pigo hilo ni moja tu katika mchezo mzima. Bonyeza B kila anapotaka kugeuka kuanzia 25, mwachie kitufe baada ya 31.

Graveler hageuki Golem kwa kiwango chochote. Lazima umpe mchezaji mwingine kwa kubadilishana. Mkopeshane: mpe mwenzako, ageuke, akurudishie. Akirudi bado anahesabika kuwa wako tangu mwanzo, kwa hiyo anakutii kama kawaida. Kabla ya kumtuma mvue Everstone kama ameishika, kwani jiwe hilo huzuia kugeuka hata kwa kubadilishana. Katika Legends: Arceus ya 2022 kifaa kiitwacho Linking Cord kinamgeuza bila mtu wa pili. Katika Pokémon GO ni peremende 25 kufika Graveler na 100 kufika Golem, lakini Graveler uliyempata kwa kubadilishana hageuzwi kwa peremende hata moja, na 100 hizo zinabaki kwa Geodude wengine wanne.

Sisi wasomaji wenu,
Wachezaji wa Pokémon, Mombasa