Hizo tuzo za klabu, nakujibu kwa kirefu

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Meseji yako nimeiona jana usiku nikasema hii haijibiwi kwa mstari mmoja, maana ukisikia mtu kakabidhiwa kamati ya tuzo kwenye klabu ya kuogelea ujue kakabidhiwa ugomvi uliofungwa utepe. Hongera, na pole hapo hapo. Umeuliza nani apewe na sherehe yenyewe tuifanyeje isiwe ile ile ya kila mwaka, mi nitakujibu kwa fujo kama kawaida yangu halafu we utapanga mwenyewe.

Kwanza kuna vitu viwili ambavyo tunavichanganya kila msimu, uhodari na uaminifu kwa klabu. Hodari anajulikana, saa imeshasema, matokeo yamebandikwa ukutani na kila mtu kayasoma, huyo kumtuza hakuhitaji kikao kirefu. Kazi ipo kwa yule ambaye ukifuta jina lake kwenye matokeo hakuna kinachobadilika, ila yeye mwenyewe asipokuja wiki mbili kila kitu kinaanza kwenda mrama na hakuna anayejua kwa nini. Mi naona tuzo ya huyo ndo iwe kubwa ya usiku ule na itolewe mwisho kabisa, siyo kuchomekwa katikati watu wakiwa bado wanatafuta viti. Najua mwenyekiti atakwambia watu wanakuja kuona mabingwa. Mjibu tu kwamba mabingwa tumewaona msimu mzima.

Haya, yule mama wa stopwochi. Sihitaji kukutajia jina, unamjua. Watoto wake walishaacha kuogelea zamani, wameshakuwa watu wazima na maisha yao, yeye bado anakuja. Hebu siku ya mashindano mwangalie vizuri, usiwaangalie waogeleaji, mwangalie yeye. Refa akipuliza filimbi ndefu anaacha kuongea hata kama alikuwa katikati ya neno, macho yanakwenda kwenye taa ya mwanzishaji wa mbio, ile inayowaka pamoja na mlio, na hayatoki pale. Taa, siyo sauti. Wapya wote wanangoja kusikia mlio ndo wabonyeze, na mlio unachelewa, sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo zile mbio za watoto za urefu mmoja ambapo wanaanzia ng'ambo ya bwawa la mita 25, mtu anayengoja mlio ameshapoteza karibu sehemu 7 za mia za sekunde kabla hata kidole hakijagusa kitufe, na hapo mtoto kaonekana ana kasi kuliko alivyo. Yeye ndo aliwafundisha hivyo wapiga saa wote tulionao. Na mwishoni anainama kabisa juu ya ukuta, aone mkono unapogusa kwa macho yake, viatu vinalowa, anavikung'uta, anaandika muda, anarudi mahali pake.

Sasa watu wanasema kupiga saa nayo ni kazi gani. Wakikwambia hivyo wape habari ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, mita 100 mtindo huru wanaume. Kulikuwa na wapiga saa watatu kwa kila leni. Wa John Devitt wa Australia wote watatu walipata sekunde 55.2, wa Lance Larson wa Marekani walipata 55.0, 55.1 na 55.1, yaani kwa saa zote Larson ndo kawahi. Majaji waliokuwa wanaangalia kwa macho wakagawanyika, jaji mkuu akasema Devitt, na dhahabu ikaenda kwa Devitt, halafu Larson naye akaandikiwa 55.2 ili karatasi ikae sawa! Ugomvi ule ni moja ya sababu zilizousukuma mchezo kwenda kwenye vipimo vya umeme. Sisi bwawani kwetu hatuna mabamba ya kugusa, yale ya ukutani yanayosimamisha saa yenyewe muogeleaji akigusa, tuna watu watatu wenye saa na tunachukua muda wa katikati, na mbili zikilingana ndo hiyo hiyo. Rekodi zote za vijana zilizopo kwenye ule ubao wetu zimepita kwenye vidole vya watu wa aina yake. Halafu yeye jina lake halipo popote kwenye jengo lile.

Kwa hiyo kura yangu ya kwanza ni hiyo, na siyo cheti jamani, mpeni uanachama wa maisha.

Ila hapo uwe makini na utaratibu. Soma katiba ya klabu kabla hujafungua mdomo, maana kwa klabu nyingi uanachama wa maisha hautolewi na kamati, kamati inapendekeza tu na mkutano mkuu wa mwaka ndo unapiga kura, na ni vizuri iwe hivyo kwa sababu ni heshima ambayo haina kurudi nyuma. Mtu halipi ada tena, na haki yake ya kupiga kura inabaki kama katiba imesema ibaki, hakikisha imesema. Nimeshaona klabu moja inagawa uanachama wa maisha kila mwaka kwa watu watatu wanne mpaka ikafika mahali hakuna anayegeuza shingo jina likitajwa. Miaka mingine isitolewe kabisa, haina shida. Na asipewe mtu kwa sababu tu ametoa hela, mfadhili mshukuruni kwa barua nzuri na picha, imetosha.

Wa pili ni yule kijana wa batafulai, ule mtindo wa kipepeo wa kurusha mikono yote miwili pamoja. Hajawahi kushinda kitu, sijui kama unakumbuka hata mara moja akipanda jukwaani. Lakini kila orodha ya mashindano ikitoka na leni ya mita 200 batafulai iko wazi na wenzake wote wanaangalia dari, yeye ndo anasema haya niandikeni. Na we uliogelea ile kitu unajua, mita 100 za kwanza ni mchezo, 50 za tatu mabega yanaungua, 50 za mwisho mikono haitoki tena majini unaivuta tu. Anamaliza wa sita, anapata zile pointi zake chache, na mashindano ya klabu kwa klabu yanahesabiwa kwa pointi, leni ikibaki tupu ni sifuri. Mwaka ule tulioshinda kwa tofauti ndogo watu walimbeba aliyemaliza rilei, zile mbio za kupokezana za watu wanne. Sawa, alistahili. Pointi za batafulai hakuna aliyeziuliza zimetoka wapi.

Na tukiwa kwenye rilei, kwenye Olimpiki wanaoogelea mchujo wa asubuhi nao wanapata medali kama timu ikishinda fainali jioni, hata kama fainali hawakuingia majini. Sisi mpaka leo tunapiga picha wanne tu. Badilisheni hilo mwaka huu, haligharimu kitu, ni majina mawili zaidi kwenye karatasi.

Ile tuzo ya aliyeimarika zaidi ndo inaleta kelele kuliko zote, kwa hiyo niseme kidogo. Msilinganishe sekunde kwa sekunde. Aliyepunguza sekunde 4 kwenye mita 50 na aliyepunguza sekunde 4 kwenye mita 400 hawajafanya kitu kimoja, tumieni asilimia ya muda wake wa mwanzo wa msimu. Msichanganye muda wa bwawa la mita 25 na la mita 50, kwenye la 25 unageuka mara nyingi zaidi na kila ukigeuka unajisukuma ukutani, mtu yule yule siku ile ile anatoka na muda mzuri zaidi. Halafu mtoto wa miaka 11 anaimarika hata akilala, anarefuka tu mikono inafika mbali, ukimweka kapu moja na mtu wa miaka 35 aliyepunguza sekunde moja kwa mazoezi ya alfajiri hujamtendea haki yule mkubwa. Gawa kwa umri, basi. Wenzetu wa mastazi, yaani mashindano ya watu wazima, duniani wanagawa makundi ya miaka mitano mitano kuanzia 25, hakuna haja ya kubuni upya.

Na vigezo viandikwe vibandikwe mwanzoni mwa msimu siyo wiki ya tuzo. Mzazi akija na mkunjo wa uso unamwonyesha karatasi. Mwanakamati ambaye mtoto wake kapendekezwa atoke nje ya chumba, siyo akae kimya, atoke, maana kukaa kimya huku anakuangalia ni kuongea pia.

Uaminifu nao usiuhesabu kwa miaka peke yake, tafadhali. Tuna watu wana kadi toka enzi na enzi na bwawani wanaonekana siku ya sherehe. Mi ningeuliza maswali mepesi tu: nani anafika wa kwanza kuvuta kamba za leni, nani anazirudisha kwenye gurudumu lake zikiwa zimelowa na wengine wote wameshaingia kuoga, nani alikaa na wale wanaoanza kwenye kina kifupi akiwafundisha kutoa pumzi majini msimu baada ya msimu wakati angeweza kuomba kundi la wenye kasi. Yule kocha wa wanaoanza, kwa mfano. Mabingwa wetu karibu wote waliwekwa uso majini mara ya kwanza na yeye, halafu wakishaanza kushinda picha zinapigwa na kocha mwingine. Simlaumu kocha mkuu, ndo mfumo ulivyo. Lakini hata lile jumba la heshima la kimataifa la kuogelea kule Fort Lauderdale, lililoanzishwa mwaka 1965, halina waogeleaji peke yao, kuna sehemu ya makocha na kuna sehemu ya waliochangia mchezo kwa njia nyingine. Sisi ubao wetu una majina ya wenye rekodi tu. Fungueni ubao wa pili, pembeni yake, herufi saizi ile ile. Saizi ile ile nasisitiza, maana nawajua, mtaweka kibao kidogo nyuma ya mlango wa stoo.

Sasa maneno ya kusomwa. Hapa nakuomba kama rafiki, yule atakayesoma asiseme "kwa mchango wake mkubwa katika klabu yetu". Hayo unaweza kumsomea mtu yeyote hata ambaye hajawahi kulowa. Kila mtu asemewe kitu kimoja alichofanya ambacho waliokaa pale wanakikumbuka. Kwa mfano mama wa stopwochi sema hivi: siku umeme ulipokatika katikati ya mashindano, yeye na wapiga saa wake waliendelea kwa mwanga wa madirishani na hakuna muda hata mmoja uliobishaniwa. Watu watapiga makofi kabla hujataja jina, utaona. Sentensi mbili tatu zinatosha, hotuba ndefu inamchosha hata anayesifiwa, anasimama pale hajui mikono aiweke wapi.

Halafu kuna wasiopenda kusimamishwa mbele. Yule mzee wa kupima maji, anayekuja na vile vichupa vyake kuangalia klorini kabla hata taa hazijawashwa zote, ukimwita jukwaani bila kumwambia nakuhakikishia hatakuja tena kwenye sherehe yoyote. Kamuulize mapema, peke yake, siyo mbele za watu. Akikataa jukwaa mpelekeeni pale pale kwenye chumba cha pampu, watu wachache tu wanaomjua, na jina liende ubaoni kama wengine. Heshima impendeze yeye siyo mpiga picha.

Mengine ni ya haraka haraka. Watoto waanze wao, wakichelewa wanalala mapajani mwa wazazi na medali haina maana tena. Makombe ya kuzunguka yaliyotoka mwaka jana yadaini kuanzia sasa, wiki tatu kabla angalau, yule aliyelichukua la mita 1500 nasikia amehama, anza na yeye. Na waliofariki watajwe mwanzoni kabisa, kwa majina kamili, wote wamesimama, halafu sherehe iendelee kama sherehe.

Mi nitakuja Mungu akijalia, ila usiniweke kwenye orodha ya waongeaji, nitakaa nyuma nipige makofi. Nitumie rasimu ya yale maneno ya kusoma ukishaandika nikupunguzie, unajua we ukianza hukomi. Na kabla hujampelekea fundi wa kuchonga majina, muulize kila mtu jina lake linaandikwaje, yule mama wa stopwochi hasa, kwenye daftari la ada nimeliona limeandikwa namna mbili tofauti na zote mbili nina wasiwasi nazo.

Wasalimie nyumbani.

Wako yule yule wa leni ya tatu