Kile kikaratasi cha Sada

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Habari za Pangani, shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, mvua tu ndiyo haikatiki. Niwie radhi kwa kimya changu, ila leo usingizi hauji. Ni habari ya Sada.

Unakumbuka nilivyokusimulia ule msiba wa mama? Kwamba alisimama mlangoni, hata mkekani hakukaa, kiganjani kakunja kikaratasi. Nikadhani bahasha ya rambirambi, tena akaondoka nayo! Nikasema Sada kaingiwa na maringo tangu apate kazi. Nimekwambia wewe, nimemwambia Bi Mkubwa, na kila aliyeuliza. Kumbe mwanawe alikuwa kalazwa, naye kachomoka wodini mara moja aje kunipa pole. Dulla ndiye kanieleza juzi. Kikaratasi kile kilikuwa cheti cha dawa, alikuwa anakwenda kuzitafuta.

Jana kwenye masomo yangu ya jioni mwalimu akatueleza utafiti wa wanasaikolojia Darley na Batson, wa Princeton kule Marekani, uliochapishwa 1973. Wanafunzi 40 wa seminari walitumwa jengo la pili wakatoe hotuba, wengine hotuba yenyewe ya Msamaria Mwema, yule wa Biblia aliyemsaidia majeruhi njiani. Njiani wakawekewa mtu kajiinamia, anakohoa na kuguna. Walioambiwa muda bado upo, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Wote wanasomea kazi ya Mungu, Mwanaisha! Kilichowatofautisha ni haraka, wala si roho mbaya. Mwanasaikolojia mwingine, Lee Ross, akalipa jina kosa kama langu mwaka 1977: la mwenzio unalibandika kwenye tabia yake, jambo lililombana hulioni.

Nilitamani kulia mle darasani. Maana arusi yako sikuja, nikasema nauli, na ni kweli ilikuwa nauli. Wewe ukanielewa siku ile ile. Sada sikumuuliza hata neno moja. Kile kikaratasi, kimelowa jasho, namna alivyokishika... nilikiona kwa macho yangu haya.

Sasa niambie, kwani yamemfikia niliyoyasema? Mtoto alipona vizuri? Nimpigie kwanza, au niende tu hadi kwake? Bi Mkubwa nimwanze vipi? Na Jumamosi unaweza kuja, twende wote?

Wako,
Mwanahamisi