Ngamia wako wa mwaka 1995

Majengo, Moshi
4 Desemba 2025

Mwanangu Aika,

Shikamoo yako niliipata kwenye simu, marahaba mama. Sisi huku hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua kidogo, lakini jana kashinda shambani, kwa hiyo usianze kuhangaika. Kibo anaonekana asubuhi hadi kama saa tatu, kisha anajifunika mawingu. Ule mkrismasi wa njia panda umeshachanua, mwekundu hadi matawi ya chini.

Natumia kalamu kwa sababu ninachotaka kukuambia nikikisema kwenye simu utanikatisha, utasema, "Aa baba, yameshapita hayo," nami nitakubali upesi, tuanze kuzungumzia nauli za mwisho wa mwaka.

Jumapili uliniambia umekesha hadi saa saba za usiku ukikunja nyota za karatasi za Elia, zile wanazopeleka shuleni kwa ajili ya siku ya kufunga. Ulisema alizokunja mwenyewe zilikuwa hazieleweki, ncha moja huku, nyingine kule. Ulicheka, nami nikacheka. Tukaagana. Usiku ule sikulala, mpaka mama yako akaniuliza mara mbili kama tumbo linaniuma. Tumbo lilikuwa zima. Nilikuwa namkumbuka ngamia wako.

Sijui kama wewe unamkumbuka. Ulikuwa na miaka saba. Mwaka ule ndipo tulipoamua kutengeneza pango la Noeli wenyewe, maana fedha zote zilikwenda kwenye paa la karakana na la kununua hatukuliweza. Jumamosi moja tulishuka mimi na wewe bonde la Rau kuchimba udongo wa mfinyanzi, mimi na jembe, wewe na kindoo kilichokuwa cha rangi ya mafuta. Uliniuliza maswali njia nzima. Moja sijalisahau: kwa nini watu wanabandika pamba kwenye mti wa Krismasi kuigiza theluji, wakati theluji yetu ile pale juu, si tumwombe mtu apande atuletee? Nikakuambia itayeyuka kabla haijafika Marangu. Ukasema, basi aishushe usiku.

Tuliuchambua ule udongo mawe na mizizi, tukaukanda kwa maji kidogo kidogo mpaka ukaacha kung'ang'ania vidoleni, tukaulaza umefunikwa gunia lililolowa. Banda nililigongea kwa mabaki ya mbao za msonobari, mama yako akaliezeka kwa majani makavu ya mgomba. Bibi yako alipokuja kutuona akakaa mbele yake muda mrefu. Yeye alizaliwa Kirua, kwenye nyumba ya msonge, enzi zile ng'ombe na mbuzi wanalala ndani na watu, upande wa pili wa moto. Mtoto mchanga alisinzia akisikia ng'ombe wakicheua. Akasema, "Kumbe alizaliwa kwetu." Akatuagiza tuweke na mkungu wa ndizi. Hakuna mahubiri ya Noeli niliyowahi kuyasikia yakanigusa kama maneno yale.

Yusufu na Maria nilifinyanga mimi. Mdogo wako, miaka mitatu, alipewa kondoo. Akabonyeza matone kumi na moja ya udongo akatutangazia kwamba wote wamelala. Wewe uliomba ngamia wa Mamajusi.

Ngamia hukuwahi kumwona. Ulichokijua ni kwamba ana nundu, na nundu uliyoijua ni ya ng'ombe wa jirani. Basi ukamwekea yako palepale, juu ya mabega. Shingo ilikuwa fupi na nene. Pua uliitoboa kwa njiti ya kiberiti. Miguu mitatu ilisimama, wa nne ukawa mfupi, ukatoka nje kutafuta kokoto, ukarudi na matano, ukayajaribu moja moja mpaka likapatikana la kuuinua. Mwishoni ukambandika kifurushi mgongoni. Nilikuuliza mna nini ndani, ukasema mna dhahabu, na nguo za mtoto pia, kwa sababu dhahabu haimzuii mtu baridi. Kazi hiyo ilikuchukua mchana mzima, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, hata chai ukaikataa.

Usiku umeme ulikatika. Mlipolala nikabaki mezani na taa ya chemli nikiusawazisha mkono wa Maria, na macho yakawa yanarudi kwa ngamia wako. Nikajiambia, ngoja nimsaidie mtoto. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nilianza na ule mguu mfupi tu. Halafu shingo. Halafu nundu, nikaing'oa nikaihamishia katikati ya mgongo. Kifurushi kilikuwa kinanizuia, nikakiweka kando, na nadhani nilikikanda pamoja na udongo mwingine maana asubuhi hakikuonekana. Kwenye saa sita alikuwa ngamia hasa, anatembea. Nilifurahi, Aika. Nilikwenda kulala nikiamini nimekutendea wema.

Asubuhi ulikuja mbio na gauni la kulalia.

"Ngamia wangu yuko wapi?"

"Si huyo hapo."

Ulimtazama. Ukainama ukatazama chini ya meza, kisha ukamtazama tena.

"Huyo ni wako, baba."

Hukulia, na afadhali ungelia. Uliliokota lile kokoto, lilikuwa limebaki mezani halina kazi, ukaenda nalo nje. Mama yako alikuwa anamenya ndizi za mtori, kisu kikasimama. Hakunisema. Alinitazama tu, kisha akaendelea.

Mwaka uliofuata nilileta udongo mezani nikakuita. Ulikuwa unakata karatasi za minyororo, ukajibu bila kuinua uso, "Udongo atafinyanga baba." Hukuwahi kuugusa tena. Minyororo yako ilikuwa mizuri kweli, ile ya kurasa za majarida na daftari kuukuu, tunaibandika kwa uji wa unga wa ngano. Nyota ulizikata kwenye karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara alizokuwa akikuhifadhia jirani. Nilikusifia, na sifa zilikuwa za kweli, lakini nilikuwa naogopa kukuuliza habari ya udongo, kwa sababu nilijua jibu. Mtu mzima, fundi wa watu, namwogopa mtoto wa miaka minane.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mimi mwenyewe nilifundishwa na mzee aliyejua kungoja. Nilipoingia kwenye karakana yake nilikuwa sijui hata kushika randa. Kiti changu cha kwanza kilikuwa kinayumba; mteja akikikalia kinamtupa. Mzee angeweza kukifungua na kukifunga upya kwa nusu saa. Hakukigusa. Alikiweka pale anapokunywa chai, na kila siku saa nne anakalia kiti changu kinachoyumba, mwezi mzima, mpaka siku moja nikaona mwenyewe mguu gani umekosea. Mimi niliyepewa mwezi mzima nilishindwa kukupa usiku mmoja.

Na nilikuwa nasahihisha nini? Miaka miwili iliyopita pango lilipotimiza miaka 800 tangu Mtakatifu Fransisko alipoandaa lake kule Greccio, Italia, mwaka 1223, parokiani tulielezwa kwamba yeye hakuwa na sanamu hata moja ya kufinyanga. Aliweka hori na nyasi kavu, akaleta ng'ombe na punda walio hai. Niliporudi nyumbani nikafungua Biblia. Luka anataja hori ya kulia ng'ombe, ng'ombe mwenyewe hamtaji. Mathayo anawaleta Mamajusi na dhahabu, uvumba na manemane, lakini hasemi walipanda nini, wala hasemi walikuwa watatu. Ngamia yuko kwa Isaya, kwenye unabii wake, anakuja amebeba dhahabu na uvumba. Sasa nani aliniambia mimi kwamba ngamia wa Bethlehemu alikuwa na shingo ndefu? Wako alikuwa amebeba nguo za mtoto. Katika mapango yote niliyoyaona tangu wakati huo, makanisani na majumbani, sijaona mwingine aliyembebea Yesu nguo.

Yule niliyemtengeneza mimi bado yupo. Namhifadhi ndani ya kopo la Blue Band lenye vumbi la mbao, sikio moja limemeguka. Kila Desemba wageni wanamsifu, wananiuliza nani kafinyanga, nami najibu ni mimi. Ni kweli, si uongo, na kila mara nikilisema nasikia haya.

Ndani ya bahasha hii utakuta jani la isale. Nimelikata leo asubuhi pale mpakani mwa kihamba, nikalifunga fundo. Elia akikuuliza ni la nini, mwambie kwetu mtu akikukosea akaja na isale, humfukuzi. Kwa kawaida mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Sijasikia kwamba mkubwa amekatazwa. Mwanangu, nilikukosea, naomba unisamehe.

Usidhani nakuhukumu kwa zile nyota. Najua unavyoishi. Unatoka kazini, foleni ya Kimara hadi usiku, Doreen hajala, na shule inataka kitu kesho. Tena najua kwamba siku ya kufunga, kazi zinazotundikwa ukutani ni za akina mama na akina baba, na mtoto aliyekuja na yake halisi anaonekana kama wazazi wake hawajali. Jambo hilo linaniudhi sana. Walimu wanajua kabisa mkono wa mtoto wa miaka sita unavyokata karatasi. Mtu mmoja akithubutu kupeleka nyota iliyopinda, labda wa pili atapata nguvu. Kama Elia bado anazo alizokunja mwenyewe, zitafute, hata kama ziko kwenye ndoo ya taka. Zile ulizokunja wewe mwombe akupe, useme ni zako, uzitundike na wewe, kando ya zake. Watoto wanapenda kuona mama naye ana kazi yake. Ningekuwa nimefinyanga ngamia wangu pembeni ya wako, tungekuwa na ngamia wawili na wewe ungekuwa unafinyanga hadi leo.

Kesho natuma mzigo kwa basi, kijana wa mizigo atakupigia ukifika. Ni udongo wa Rau, nimeuchimba juzi, nimeshauchambua na kuukanda. Ukikaa kwenye nailoni hauharibiki. Ukianza kukauka ufunike kitambaa kilicholowa. Wape kila mmoja bonge lake. Doreen mpe kubwa, maana wa miaka mitatu anapenda kupiga zaidi kuliko kufinyanga. Miguu ya wanyama isiwe myembamba, au ndani muweke vipande vya njiti. Mkimaliza anikeni kivulini. Watoto watakuomba muweke juani ili zikauke haraka, kataa, zitapasuka mgongoni zote. Siku nne tano zinatosha, ingawa kwa unyevu wa huko Dar labda wiki. Udongo ukiisha chukua unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kidogo kidogo mpaka uwe kama wa chapati. Huo nao unafinyangika vizuri, ila ufiche mbali na mende.

Wakikuambia hiki ni punda, ni punda. Mdogo wako hadi leo anasisitiza kondoo wake walikuwa wamelala, na mimi nimeshaamini.

Mama yako anasema mje mapema, tarehe 20 ikiwezekana, kabla stendi haijafurika. Ndafu kaka yako keshalipia. Mbege ataipika shangazi. Banda la pango lilelile lipo, nimebadilisha ubao mmoja tu uliokuwa umeliwa na mchwa, na majani ya mgomba mama yako anakausha sasa. Nimeshawatoa Yusufu na Maria kwenye maboksi, na kondoo kumi. Wa kumi na moja alivunjika mwaka 2003 na mnajua nani alimkalia.

Ngamia wangu nimemwacha kwenye kopo. Kushoto kwa mlango wa banda pana nafasi tupu, na mezani nimekuwekea bonge la udongo chini ya gunia bichi. Nundu weka unapotaka. Mguu wa nne usiuhangaikie, kokoto nimeshakuokotea matano.

Ni mimi,
Baba yako