Figo ya kupandikizwa hailiwi tu na ugonjwa wa kinga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili maana limenikaa moyoni tangu kikao cha ukoo wetu kule Ukerewe. Mdogo wangu wa kike aliugua lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka inaanza kushambulia mwili wenyewe, ukamharibu figo zote mbili mpaka akawa wa kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki na kila mara kama masaa manne kitandani, kwaiyo kutoka Nansio na meli kila siku ya dayalisisi ikashindikana akahamia kwangu Kirumba. Niliposema ntampa figo yangu, baba mdogo akasimama akauliza, kama hiyo kinga imekula mbili, ya tatu itaiacha? Si tutabaki na wagonjwa wawili? Watu kimya. Hata mama.

Baba mdogo hana roho mbaya, aliogopa, na swali lake ni la maana kabisa. Ila jibu lipo. Lupasi kurudi kwenye figo mpya mpaka kuiharibu ni nadra, na wagonjwa wa lupasi wengi figo zao zinadumu karibu sawa na za wengine, muhimu ipandikizwe ugonjwa ukiwa umetulia, tena zile dawa za kuzuia mwili usikatae figo (takrolimasi, mikofenoleti, prednisoloni) ndo hizohizo zinaibana na lupasi yenyewe. Sisi tulisubiri itulie kwanza. Na siku hizi sio lazima India, Muhimbili walianza kupandikiza 2017 na Benjamin Mkapa Dodoma 2018. Figo yangu iliwekwa chini ya tumbo lake, za kwake wakaziacha palepale, na mama yule aliyenyamaza kwenye kikao ndo alikuwa anapima mkojo kwenye jagi na kuandika kwenye daftari la shule, kila jagi na saa yake.

Kilichotaka kutumaliza ni kingine. Prednisoloni ilimvimbisha uso, wenzake mwaloni wakawa wanamshangaa, halafu duka la dawa likaishiwa takrolimasi, yeye anajisikia mzima akaruka siku kadhaa bila kuniambia. Kreatinini, ule uchafu wa kwenye damu unaopanda figo ikishindwa kuchuja, ikapanda. Walipokata kinyama cha figo kukipima wakakuta mwili umeanza kuikataa, wala sio lupasi! Tuliwahi, ikaokolewa. Sasa hivi simu ikilia saa moja asubuhi na saa moja jioni anaacha dagaa zake anameza. Ndo maana nawaomba wahusika, dawa hizi na kipimo cha kuangalia kiwango chake kwenye damu visikosekane huku kanda ya ziwa, mgonjwa hawezi kuvisubiri mpaka wiki ijayo.

Nimeandika leo kwa sababu binamu yetu naye figo zimefeli, yeye ni ugonjwa wa figo wa IgA, yaani kingamwili iitwayo IgA inajikusanya kwenye figo na kuziumiza, na maneno ni yaleyale. Huo kweli unarudi mara nyingi kuliko lupasi, ila kwa wengi unakwenda polepole na figo inafanya kazi miaka mingi tu. Ndugu anayetaka kutoa apimwe vizuri mkojo kama una damu au protini maana ugonjwa huo unaweza kutembea kwenye familia. Kikao ni Jumapili, na baba mdogo kanipigia mwenyewe, anataka nije na mdogo wangu wamwone.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza