Lori la jeshi la zamani: msinunue mngurumo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Fedha za korosho zikishaingia, huku kwetu Masasi, Newala na Nachingwea maswali huwa hayaishi kuhusu malori ya zamani ya jeshi ya kununua na kufufua: Bedford RL ya Mwingereza, ZIL-131 na GAZ-66 za Mrusi, Unimog 404 ya Mjerumani. Mnunuzi anafika, anaomba injini iwashwe, ikinguruma anatoa pesa. Injini ndiyo sehemu ya mwisho ya kukuumiza kichwa; ikishindikana, unaitoa na kufunga nyingine. Vitu visivyopatikana kirahisi ni chesisi (fremu inayobeba gari zima), transfa (boksi la gia linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), ringi za matairi na karatasi, na hivyo havingurumi.

Chesisi kwanza, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani haichagui. Kama lori limelala miaka Mikindani au Lindi mjini, ingia chini na nyundo ndogo, gonga kila shubiri moja kutoka mbele hadi nyuma. Kazia pale springi zinapofungwa na pale mabamba mawili yalipobanwa kwa ribiti. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama gunia. Kutu ikiingia kati ya mabamba huvimba, ikayatenganisha mpaka ribiti zikakatika. Ukikuta chini kumepakwa rangi mbichi na juu bado ni chakavu, ujue kuna kinachofichwa. Kiraka kinawezekana, ila kichomelewe ubavuni, kikatwe kwa umbo la almasi. Ukichomelea mstari wa wima, au ukakatisha ukingo wa juu au wa chini wa chesisi, hapo ndipo itakapopasuka siku ya kwanza ya mzigo. Wenye Land Rover za jeshi wasijidanganye na bodi ya aluminiamu: inapogusana na chuma kwenye hewa ya chumvi, aluminiamu yenyewe inageuka unga mweupe.

Transfa inapimwa bila hata kuwasha gari. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, ingiza gia, ingiza pia nguvu ya mbele (gia inayofanya magurudumu ya mbele nayo yasukume), kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Linatakiwa licheze kidogo tu, halafu ligome. Likizunguka bure, basi kuna kilichokatika: propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), shafti ya ndani ya ekseli, au transfa yenyewe haishiki. Kadiri linavyocheza sana kabla ya kugoma, ndivyo meno yalivyolika. Malori haya mengi hayana difu ya katikati, yaani gia za kuruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Ukiendesha lami ya Mtwara kwenda Masasi huku nguvu ya mbele imeingizwa, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanashindana kwenye kila kona na kitakachokatika ni chuma. Nguvu ya mbele ni ya mchanga na tope.

Kisha fungua taratibu bolti ya chini ya difu ya ekseli, gari likiwa limelala usiku mzima. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshachanganyika humo na beringi zimeanza kuliwa.

Jambo la ringi naomba lisomwe mara mbili. Malori mengi ya Kiingereza ya jeshi yana ringi ya vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa bolti. Kwa hiyo gurudumu lina duara mbili za nati: moja inashikilia gurudumu kwenye habu, nyingine inashikilia hivyo vipande viwili. Kijana wa gereji asiyejua akifungua nati za ringi tairi likiwa na upepo, kipande kinaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Toa kidude cha ndani ya valvu, subiri upepo wote uishe, hata kama gurudumu unalitoa tu kwenye gari. Wakati wa kujaza, liweke ndani ya kizimba cha chuma au lifunge mnyororo, na usisimame mbele yake. Kisha paka nati za ringi rangi nyekundu ili hata mgeni azijue.

Kuhusu saizi: Bedford RL inavaa 11.00-20, ambayo bado inapatikana kwa wauza matairi ya malori. GAZ-66 inavaa 12.00-18, na hiyo inaweza kulisimamisha gari mwaka mzima ukiitafuta.

Injini iliyoganda isipigwe stata. Kutu imeshikanisha ringi za pistoni na silinda. Stata ikilazimisha, ringi zinavunjika. Toa plagi, mimina kila silinda vijiko vinne vya dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya gia ya otomatiki, acha siku tatu hadi wiki, ndipo uzungushe krenki kwa mkono, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Kwa injini za petroli kumbuka pia kwamba nyingi zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi. Petroli ya leo haina, na siti za valvu za ekzosi (pale valvu zinapokalia kwenye hedi) huzama polepole. Hedi ikishafunguliwa, weka siti ngumu hapo hapo. Na piga hesabu ya mafuta mapema: ZIL-131 inakunywa kama lita 40 kwa kilomita 100, kwa hiyo Mtwara hadi Masasi ni karibu lita 80 bila mzigo mkubwa.

Breki: mipira yote ya ndani inayozuia mafuta ya breki yasivuje iwe mipya, hozi zote mpya, bila kubahatisha. Fundi aliyewahi kuongeza oili ya injini kwenye mafuta ya breki alishaiua mipira, maana inavimba na breki hazirudi. Umeme: soma kwanza kama ni volti 12 au 24. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na kabla ya kupaka kijani cha jeshi, ulizeni polisi wa usalama barabarani.

Karatasi sasa. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kibao cha kiwanda kilichobandikwa kwenye gari na ya hati ya mnada, herufi kwa herufi, kabla ya senti moja kutoka. Gari lililouzwa kama chuma chakavu lisichukuliwe kwamba litasajiliwa TRA. Nenda kaulize na namba hiyo mkononi.

Ombi langu kwa wanaoandika matangazo ya minada: acheni maneno "linahitaji matengenezo madogo". Andikeni namba ya chesisi, saizi ya tairi, volti za umeme, kama injini inazunguka kwa mkono, na kama gari linauzwa kwa ajili ya barabara au kwa chuma. Mistari mitano inatosha, na mtu wa Tandahimba atajua kama alipie nauli ya kuja kulitazama au abaki nyumbani.

Fundi wa magari makubwa,
Masasi, Mtwara